Ukuta Hauna Zamu

Juzi mjukuu wangu Sikudhani alinisogezea simu puani kama ananinusisha ugoro. "Bibi, tazama jengo hili!" Nikatazama. Ghorofa refu, vioo vitupu, liko Dar. Au niseme litakuwa Dar, maana wakati ule lilikuwa picha tu. Akanieleza kwamba watu wanachangishana kwa simu kulijenga, kila mtu anatoa kidogo alichonacho, na likiisha kila mtu anakula kodi kwa kadiri ya alichotoa. Kwa bei ya kuku wawili unapata kipande chako. "Hata mimi muuza vocha, Bibi! Mwenye nyumba Dar!"

Nikamwuliza, "Na siku ukitaka kutoka?"

"Kutoka wapi?"

"Humo ulimoingia."

Akakuna kichwa, akasema ataangalia. Mpaka leo anaangalia.

Basi nyie vijana mnaonijia kila wiki na swali hilo hilo, leo nawajibu wote kwa pamoja, maana pumzi yangu si ya kurudiarudia. Na msije mkasema Bi Mwanahawa amekataza. Sikatazi. Maji ya kifuu bahari ya chungu, na mwenye mtaji wa kuku wawili hawezi kujenga peke yake hata banda la hao kuku. Lazima aungane na wenziwe. Mimi mwenyewe nimefanya udalali wa viwanja na nyumba hapa Kibiti tangu siku zile naweza kupanda vilima vya Mbwara, kwetu, bila kupumzika, mpaka magoti yaliponiambia mama, sasa kaa. Na miaka ya mwisho ya kazi yangu ilikuwa ya nyumba hizo hizo za kuchangiana. Kabla hazijaingia kwenye simu zenu zilikuwa kwenye majamvi yetu. Najua utamu wake, na uchungu wake naujua zaidi.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Mbonde, Mmatumbi mwenzangu, mtu mfupi, mkali, hacheki ovyo. Aliponichukua watu walimsema. Mwanamke dalali? Atauza nini, makuti? Yeye akawajibu, "Nyie mtanunua kwake." Na kweli wakanunua.

Mzee Mbonde hakuwa na somo la kukaa chini. Alikuwa anatembea, mimi nyuma, na maneno yake nayaokota njiani. Kiwanja usikitazame kiangazi, alisema. Kiangazi kila ardhi ni bibi harusi. Njoo masika, uione ikiwa imeamka. Mwenye shamba akikuuzia ardhi, muulize na minazi ni ya nani, kwa sababu kwetu huku ardhi yaweza kuwa ya kaka na miti ya dada, na dada hajauza. Uliza makaburi yako wapi. Ukitaka mipaka ya kweli usiwaulize wanaume waliokaa barazani. Ingia uani, omba maji ya kunywa, waulize wanawake wanaookota kuni huko kila siku.

Kulikuwa na bwana mmoja alikuja kutoka mjini, viatu vinang'aa hata mbuzi angejiona. Akapenda kiwanja fulani bondeni, tambarare, bei nzuri. Mzee Mbonde akamwambia, bwana, ngoja masika. Ah! Anangoja nini, ana haraka zake, akanunua kwa dalali mwingine. Masika ilipokuja akarudi na fundi wake. Maji yamefika magotini na watoto wanavua kambale pale pale alipotaka kuweka sebule. Mzee Mbonde akamtazama, akamwambia kwa upole, "Hongera, bwana. Kiwanja chako kina na kitoweo." Siku ile ndiyo niliyomwona akicheka. Allah amrehemu.

Nawapa haya kwa sababu simu haiwaonyeshi masika. Jengo la kwenye picha halina majirani, halina kaburi, halina dada mwenye minazi. Kama mnaweza kwenda, nendeni mkalione kwa macho. Kama hamwezi, tafuteni anayeweza, mumpe nauli, ile nauli ni sehemu ya mtaji. Ulizeni ardhi imeandikwa jina la nani, na kama ni la kampuni, hiyo kampuni ikifa jina lenu linabaki wapi. Hayo ni mambo ya kuingilia, na karibu kila mtu huyauliza. Mimi nataka kuwaambia la kutokea.

Kibiti ilipokuwa wilaya watumishi walianza kumiminika. Walimu, wauguzi, mabwana shamba, makarani, wote wanataka chumba, chenye choo cha ndani kama kipo, na hakipo. Vyumba vikawa adimu kama sukari mwezi wa Ramadhani. Mwalimu Nassoro, aliyekuwa ameshastaafu shule ya msingi, akatuita watu kadhaa barazani kwake. Akasema: peke yetu kila mmoja ni maskini, lakini tukijumlisha si maskini sana. Tununue kiwanja, tujenge nyumba ya vyumba, tupangishe, kodi tugawane. Mimi nikapewa kazi ya kutafuta kiwanja na kumsimamia fundi. Mwalimu akawa mwenyekiti.

Hesabu yetu tuliifanya kwa tofali. Ulikuwa ujanja wa Mwalimu, kwa sababu watu wengi kwetu wakisikia neno hisa wanashika kibindo. Tofali kila mtu analijua. Mwezi huu wewe una tofali ngapi? Mia? Hamsini? Kumi? Hata kumi lete. Na nyumba ikiisha, mwenye tofali nyingi anakula zaidi, mwenye chache anakula kwa uchache wake, hakuna kununiana. Nami nasema mpaka leo ulikuwa mpango mzuri. Hakuna aliyeiba. Hilo mlishike, maana mkisikia hadithi ya huzuni ya fedha za watu mnatafuta mwizi. Humu hamna.

Alikuwepo Zainabu, muuza vitumbua pale stendi. Mumewe Shamte alikuwa na pikipiki, anafuata samaki na kamba huko delta, anawaleta Kibiti wakiwa bado wanatazama. Walikaa nyumba ya ukoo wa Shamte, chumba kimoja na watoto, uani wamejaa mawifi. Zainabu alikuwa mcheshi, mwenye sauti ya kuita wateja hata ukiwa barabara ya pili. Nilipomwuliza kwa nini anaingia, akaniambia, "Bi Mwana, nataka kabla sijafa nile kitu ambacho sikukikaanga mwenyewe."

Basi akaingia, na alivyoingia! Wengine walileta tofali zao mwezi kwa mwezi wakiugua. Zainabu alileta kila Ijumaa. Noti zake zilinuka iliki na mafuta, Mwalimu akawa anasema fungu lile halihitaji jina. Shamte akipata siku nzuri ya kamba naye anaongezea. Wakafika mahali tofali zao zikawa nyingi kupita za mtu yeyote, nyingi kupita hata zangu mimi niliyekuwa najifanya mkubwa wa shughuli.

Akimaliza kuuza hupitia kiwanjani, sinia kichwani, anaushika ukuta. "Huu wangu." Fundi anamkemea, "Mama Vitumbua, usiubonyeze, haujaiva!" Wanacheka. Mimi niko chini ya turubai nahesabu mifuko ya saruji nacheka nao.

Sasa sikilizeni kosa lilipo, kwa sababu ni kosa la watu wa kwetu, na nadhani mgeni asingelifanya.

Wanawake wa huku wote tunacheza mchezo. Wengine huuita upatu. Mko kumi, kila wiki mnatoa, anapokea mmoja, wiki ijayo mwingine, mpaka mduara uishe. Na mchezo una adabu yake ambayo haijaandikwa popote: mwenzenu akifiwa, au akiuguliwa, anarukishwa. Hata kama zamu yake ilikuwa ya mwisho, anakuja, anasema naomba zamu yangu, anapewa siku hiyo hiyo. Mwenye zamu anasogea nyuma na hanung'uniki, kwa sababu anajua kesho ni yeye. Nimecheza mchezo tangu nikiwa mwali, na sijawahi kuona mtu ananyimwa. Ndiyo bima yetu. Tumejifungulia kwayo na tumezikana kwayo.

Kwa hiyo tulipokaa kuandika katiba ya nyumba, tuliandika yote. Namna ya kuchangia, anayechelewa, anayetukana mkutanoni, kodi itagawanywaje. La mtu anayetaka kutoka hatukuandika. Si kwamba tulilificha. Mwalimu hakuliona, mimi sikuliona, hata mmoja hakufungua mdomo. Mtu wa kutoka mbali angeuliza. Sisi hatukuuliza kwa sababu kila mmoja moyoni alikuwa na jibu, na jibu lilikuwa la mchezo.

Kuta zikapanda mpaka juu ya madirisha. Tukachanga fedha za mbao na mabati, zikawa benki, zinangoja fundi wa paa amalize kazi yake huko Mahege. Mbingu nazo zikaanza kujikusanya upande wa baharini, maana masika ilikuwa inakaribia.

Hapo ndipo Shamte alipoanza kushika tumbo. Alianza kidogo, akawa anaendesha pikipiki huku amejifunga kanga ya mkewe kiunoni. Halafu siku moja hakuamka. Wakampeleka Utete, Utete wakawaandikia Dar, na Dar wakaona uvimbe. Anatakiwa kupasuliwa, na mapema. Gharama zilikuwa gharama za kawaida za matibabu ya namna ile, sina ugomvi na hospitali. Ila kwa muuza vitumbua ni mlima.

Zainabu alinijia asubuhi. Nilijua kuna jambo, kwa sababu saa ile huwa yuko mbele ya jiko lake.

"Shikamoo, Bi Mwana."

"Marahaba, mwanangu. Mgonjwa?"

"Yuko na kaka yake. Bi Mwana, nimekuja kuomba zamu yangu."

Sikumwelewa. Nikadhani ni mchezo wa Jumamosi, nikamwambia aende kwa Mama Mwasiti, ndiye mshika fedha. Akatikisa kichwa. "Huo nimeshapewa, umekwisha. Nasema zamu ya nyumba."

Nikakaa kwenye kibao cha mbuzi, mbuzi yenyewe ya kukunia nazi ikanichoma, sikujali.

"Zainabu, nyumba haina zamu."

"Kila kitu kina zamu, Bi Mwana. Mama Mwasiti alipofiwa alirukishwa mbele yangu. Nilinung'unika?"

"Hukunung'unika."

"Basi mimi nataka tofali zangu. Si zote. Za kumpasulia baba watoto tu."

Nitamwambiaje? Tofali zake ziko ukutani, zimeshikana kwa saruji na tofali za Mwalimu na za Bi Somoe na zangu. Nitamng'olea lipi? Alikuwa ananitazama kama mtu aliyetuma mtoto dukani akaona anarudi mikono mitupu. Nikamwambia twende tukajaribu.

Tukajaribu. Siku ile ndiyo niliyojua kwamba mimi dalali mzima, niliyeuza mashamba ya watu kwa maneno matamu, sijui kuuza kipande cha ukuta. Tulianza na wanachama wenyewe, anunue mmoja fungu lake. Nani ana fedha? Wote walikuwa wametoka kukamuliwa za mabati. Nikaenda kwa tajiri mmoja wa duka la vifaa vya ujenzi, mtu ninayejuana naye. Akaja kiwanjani na ufunguo wa gari lake, akagongagonga ukuta, akatazama juu kwenye mawingu.

"Nyumba bila bati ni zizi, Bi Mwana. Nitampa nusu ya alichotoa. Tena baada ya masika, nikiona bado imesimama."

Nikamwambia, mumewe ni mgonjwa sasa hivi. Akasema anamwombea. Sikumchukia. Ndivyo biashara inavyosema, na mimi nilikuwa nimesema hivyo kwa wengine. Mnunuzi akijua una haraka, bei anapanga yeye. Kaandikeni hilo kwenye simu zenu hizo, mlisome kabla ya kubonyeza kitu.

Ikabaki fedha ya mabati. Mwalimu akaitisha mkutano, alasiri, ndani ya nyumba yenyewe, tumekalia tofali zilizobaki, jua linatupiga vichwani kwa sababu hakuna paa. Zainabu akasimama. Hakulia. Alisema kwa sauti ndogo ambayo hatukuizoea, kwamba anaomba fedha ya mabati apewe sehemu, na paa lingoje.

Halafu akasimama Bi Somoe, mjane wa Mahege, mtu mzima kunizidi, aliyekuwa ameuza mikorosho yake yote aliyoachiwa na marehemu ili apate tofali zake.

"Zainabu, mwanangu, mumeo namwombea kila sala. Lakini mvua ikizikuta kuta hizi hivi zilivyo, zitalala chini. Wewe una mikono ya kukaanga. Mimi naanzia wapi? Nina umri wa kuotesha mkorosho nikausubiri uzae?"

Mwingine akasema la kwake, na mwingine. Hakuna aliyesema neno baya. Lingekuwa afadhali kama pangekuwa na mtu mbaya pale, tungemchukia tukapumua. Fundi akaulizwa, akasema ukweli wake: kuta za namna hii, masika ya hapa, bila paa, yeye hawekei dhamana.

Mwalimu akasema tunyooshe mikono. Kwanza wanaotaka paa lingoje. Halafu wanaotaka paa liezekwe.

Mkono wangu uliinuka na wa Bi Somoe. Nawaambia wazi, wala siombi msamaha kwenu. Nilipiga hesabu ya wajane waliomo, na vibarua, na ile nyumba yote kuwa matope, na Zainabu mwenyewe kupoteza kila kitu siku hiyo hiyo na wenziwe. Hata leo mkinirudisha pale, mkono wangu utainuka vile vile. Na hilo ndilo linalonitesa, kwa sababu kosa ningelitubia, hili nitalitubiaje?

Tukatandika kanga katikati, kila mtu akatoa mchango wa ugonjwa. Mwalimu akaifunga, akampelekea. Zainabu akaitazama ile kanga.

"Sikuja kuomba mchango," akasema. "Nimekuja kuomba changu."

Lakini akaichukua, maana nauli ya Dar hailipwi kwa heshima. Akatoka kupitia pale penye uwazi wa mlango. Fundi, mtu wa mizaha, alikuwa anachora chini kwa kijiti.

Paa likaezekwa. Mvua ikaja kwa fujo wiki ile ile, na jirani yetu aliyekuwa na kuta kama zetu, hajaezeka, upande mmoja ukamlalia chini usiondoleke ila kwa koleo. Watu wakanipigia simu kunipongeza. Nikazima simu.

Shamte walimpasua, kwa kuchelewa, baada ya ndugu kuuza pikipiki. Akaishi siku kidogo. Walimrudisha kwenye gari la kukodi, tukamzika mvua inanyesha, udongo unateleza, wanaume wanashikana mikono kushuka kaburini. Wapo wanaosema hata angewahi asingepona, ugonjwa ule ulikuwa umeshaenda mbali. Wapo wanaosema angepona. Daktari mwenyewe, nilivyosikia, hakuahidi kitu mwanzo wala mwisho. Mimi sijui. Ninyi mnaopenda uhakika mnisamehe, hapa sina.

Nilikwenda msibani, nikakaa na wanawake wenzangu. Zainabu akanipokea mkono kama alivyopokea wa kila mtu. Akasema, "Ahsante, Bi Mwanahawa." Alikuwa haniiti hivyo. Nikarudi nyumbani nikalia mpaka Sikudhani, mdogo wakati ule, akaniletea maji bila kuulizwa.

Baada ya hapo tulibadilisha katiba. Kila kodi inapoingia, kabla hatujagawana, fungu moja linawekwa pembeni la mwanachama anayelazimika kutoka, na bei ya tofali tunaipanga sisi wenyewe kila mwaka, sawa kwa asiyeumwa na anayeumwa, tukiwa na akili zetu. Utaratibu mzuri. Watu kutoka Ikwiriri walikuja kuuiga. Wanausifia, na mimi kila wakiusifia naona kaburi la Shamte, kwa sababu ndipo tulipoupata.

Kwa hiyo, Sikudhani na wenzio, mkionyeshwa jengo, faida ulizeni mwishoni. Anzeni na hili: nikiuguliwa kesho, nani ataninunulia kipande changu, kwa bei ya nani, na baada ya muda gani? Wakikujibu kwa tabasamu, funga simu. Wakikujibu kwa karatasi, isome, mpelekee na mtu mwingine aisome. Na hata jibu likiwa zuri, usitie humo fedha ya dawa. Fedha ya dawa iache karibu, kwenye mchezo, kwenye kibubu, chini ya mto. Ukuta ni mgumu wa kusikia. Hauna adabu ya kusogea nyuma.

Zainabu alipotoka eda, wakwe wakamwambia kwa adabu zote kwamba kile chumba kinahitajika, kuna kijana wao anaoa. Nyumba ni ya ukoo, hakuwa na la kusema. Akaja kwangu, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa napangisha vyumba vya nyumba yetu.

"Kuna chumba?"

"Kipo. Zainabu, hicho kaa tu. Nitazungumza na Mwalimu, hakuna atakayekudai."

"Kodi ni kiasi gani?"

"Mwanangu, nimesema…"

"Bi Mwanahawa, nimeuliza kodi."

Nikamtajia. Akahesabu mbele yangu, noti zinanuka iliki, akaniwekea mkononi. "Msinisamehe kodi," akasema. "Huruma ningeitaka siku ile."

Basi ndivyo tunavyoishi. Mwisho wa mwezi huleta kodi yake mapema kuliko mwalimu na muuguzi walio vyumba vya mbele. Mwalimu Nassoro hujumlisha, tunatoa fungu la pembeni, tunagawana, nami nampelekea gawio lake, ambalo ni kubwa kuliko la mtu yeyote. Hulipokea, husema ahsante. Anakaanga vitumbua kibarazani siku hizi, stendi hawezi, miguu imechoka. Sijamsikia tena akiita wateja kwa sauti ile.

Wiki iliyopita alinijia binti mmoja kutoka Utete, ameanza kazi, ana akiba kidogo, amesikia kuna mwanachama anataka kutoka na fungu lake linauzwa. Nikampeleka akaone, kama nilivyofundishwa. Akazunguka nyumba, akapiga picha madirisha, akauliza maswali mazuri, la kutoka akaliuliza mwenyewe bila kuambiwa, nikafurahi. Halafu akamwona Zainabu kibarazani, akachuchumaa kwa heshima.

"Shikamoo, mama. Wewe ni mpangaji hapa?"

"Marahaba. Ndiyo."

"Nataka kununua tofali za nyumba hii. Niambie ukweli, mama, ni nyumba nzuri?"

Zainabu akageuza kitumbua kimoja, akageuza cha pili. Akanyanyua uso, akayatazama yale mabati juu yetu, polepole, kutoka pembe hii mpaka ile. Mimi nikataka kuondoka, magoti yakakataa.

"Nzuri, mwanangu," akasema. "Haivuji."